Siku sita za kung'oa magugu kisiwani, na miezi kumi iliyofuata

Kisiwa chenyewe kimo katika maji ya nyuma ya Mombasa, upande wa Port Reitz. Ndege ikiinama kutua uwanja wa Moi, abiria aliyekaa dirishani huweza kukiona kwa muda mfupi: kipande cha kijani katikati ya matope na mikoko. Sikitaji jina kwa kuwa kina kaburi linalozuriwa, na wazee wa kijiji cha ng'ambo walituomba tusikifanye mahali pa kupigia picha. Maji ya bamvua yakijaa huwa kisiwa kamili. Yakipwa, kuanzia saa nne asubuhi hivi, unavuka kwa miguu, tope likikufika magotini. Hakuna anayeishi huko. Kuna kisima cha kale, hilo kaburi, mibuyu mitatu, mikwaju, na mikoko inayokizunguka pande zote. Ukubwa wake wote haufiki ekari kumi na mbili.

Mwishoni mwa Agosti mwaka jana tulikwenda huko watu kumi na wanne kutoka mjini, tukalala siku sita katika vyumba vya madrasa ya kijiji cha ng'ambo, na kila kukicha tukavuka kwenda kung'oa mimea vamizi. Tuliiita likizo ya kujitolea. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya upili, na nilikuwa mmoja wa watatu walioipanga safari. Naandika kisa kizima, pamoja na mahali tulipokosea, kwa sababu vikundi vingine vimeanza kuniuliza namna ya kufanya kama sisi, na karibu wote huanza na swali moja: mling'oa miti mingapi? Swali hilo ndilo lililotuharibia kazi.

Wazo lilitoka kwa mwenzetu muuguzi. Alikuwa amesoma habari za Lord Howe, kisiwa cha Australia kilichoko takriban kilomita 600 mashariki mwa bara lao. Kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1982, wageni hawaruhusiwi kuzidi 400 kwa wakati mmoja, na baadhi yao hujilipia nauli na malazi ili waende kupalilia msituni sehemu ya siku, kisha saa zilizobaki waogelee na kutembea. Akatuuliza: sisi tuliozaliwa kisiwani twangoja nini? Swali lilituingia. Nilichokuja kukisoma baadaye, na ningetamani ningekijua mapema, ni kwamba mpango wa kutokomeza magugu Lord Howe ulianza 2004 na ulipangiwa miaka 30. Sisi tulipanga siku sita.

Mimea mitatu, mbegu mbili

Wa kwanza ni mwarobaini. Asili yake ni India na Burma, na pwani yetu ulifika kwa mkono wa watu waliokuwa na safari na biashara za huko. Ukapandwa kando ya misikiti, shuleni na makaburini, kwa kivuli na kwa dawa. Jina lenyewe ladai kwamba watibu maradhi arubaini. Majani yake huwekwa ghalani kuzuia fukusi wasile mahindi, na mbao yake haisumbuliwi sana na mchwa. Mjini sina neno baya la kuusema, kivuli chake nimekikalia utoto wangu wote. Taabu huanza pale ndege na popo wanapokula tunda na kuangusha kokwa msituni. Hata Kaya za Wamijikenda, zilizoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, zina mwarobaini ulioingia bila kualikwa na kuanza kusongamana na miti ya asili. Kisiwani kwetu, chini ya mwarobaini mmoja nilihesabu miche sabini na mitatu katika mraba wa hatua mbili kwa mbili, na kati yake sikuuona mche hata mmoja wa mti mwingine.

Wa pili ni mlusina. Huo kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Miaka ya 1970 na 1980 wataalamu waliuhimiza sana kwa malisho, kuni na rutuba, na sifa hizo si za uongo, mbuzi huukimbilia. Ila ukipata uwanja wazi huota kama nywele, ukikatwa huchipua, na makanda yake hupasuka yenyewe yakamwaga mbegu. Wa tatu ni lantana, maua ya rangi nyingi, miba, vitunda vyeusi vinavyopendwa na ndege, na majani yenye sumu kwa mifugo. Mlusina na lantana zote zimo katika orodha inayojulikana ya spishi vamizi 100 zilizo mbaya zaidi duniani. Lantana kisiwani ilikuwa kidogo, tuliimaliza kwa siku moja, na sitaitaja sana tena.

Jambo lililotakiwa kuuongoza mpango wetu tangu mwanzo ni tofauti ya mbegu. Mbegu ya mwarobaini ina uhai mfupi: isipoota katika wiki chache baada ya kuanguka, kwa kawaida hufa. Mbegu ya mlusina ina ganda gumu na huweza kukaa udongoni miaka kumi na zaidi ikingoja mwanga. Kwa hiyo mwarobaini ni vita na mti mzima, ukiondoa mama na kuwazuia wanaoleta mbegu mpya, umefika mbali. Mlusina ni vita na udongo. Ukiondoa mti mzima ndipo kazi inapoanza, kwa sababu jua limeifikia ardhi iliyojaa mbegu za miaka yote iliyopita. Haya niliyajua, nafundisha darasani jinsi mbegu inavyolala. Lakini tulipoketi kupanga, kila mtu aliangalia miti iliyosimama, nami nikaangalia huko huko.

Barazani

Wiki tatu kabla ya safari tulikwenda kuomba ruhusa. Ofisini kulikuwa na utaratibu wake, kwa kuwa mikoko ya pwani yetu ni hifadhi ya serikali tangu 1932 na hukati hata ufito bila kibali. Penye mambo palikuwa barazani kwa wazee.

Mzee mmoja, mvuvi wa zamani, alinisikiliza kisha akauliza: "Mwalimu, mwembe nao si ulitoka Bara Hindi? Na muhogo je, ni wa babu zetu? Mbona mmeuonea mwarobaini peke yake?"

Mara ya kwanza nilimjibu kwa maneno ya darasani, na nikaona uso wake unafunga. Nikajaribu tena. Nikamwuliza, ami, umepata kuuona msitu wa miembe uliojiotea wenyewe ukaiua miti iliyokuwapo? Akafikiri, akasema la, mwembe huota karibu na binadamu. Na mwarobaini? Akacheka. Akasema umeota hadi juu ya ukuta wa nyumba yake, kwenye ufa, na ameung'oa mara tatu. Hapo tukaanza kuelewana. Suala halikuwa mti umetoka wapi, lilikuwa unaishi vipi na jirani zake ulipofika.

Nikawapa pia mfano wa kisiwa cha Cousin huko Shelisheli, kwa kuwa najua mtu wa pwani huushtukia. Kisiwa kile kilikuwa shamba la minazi. Mwaka 1968 kikanunuliwa kwa ajili ya kumwokoa ndege mmoja mdogo wa Shelisheli, ambaye wakati huo walibaki chini ya 30 duniani kote, na wote walikuwa hapo. Minazi ikapunguzwa, miche yake ikazuiwa isiote tena, msitu wa asili ukarudi, na leo ndege hao ni maelfu katika visiwa kadhaa. Wazee walinyamaza kidogo. Kwamba mahali fulani duniani mnazi ndio ulioondolewa ili kisiwa kipone, hilo lilikuwa geni kwao. Mmoja akasema, "Basi kila kisiwa na mgeni wake."

Mwisho alikuja bibi anayelitunza kaburi. Huvuka kila Alhamisi, hufagia, hufukiza ubani, halafu hushuka matopeni kuvunja chaza. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mwaja na mapanga."

"Ndiyo, bibi. Tumekuja kuomba ruhusa kwanza."

"Mti wa kaburini hamuugusi. Ulinikinga jua tangu ningali na meno yote, na kila aliyeshikwa na homa kijiji hiki amekoga majani yake."

Nikamweleza habari ya ndege na popo, kwamba mti mmoja ukibaki mbegu nazo zitabaki. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Basi mbegu ni shauri langu. Zikianguka n'tazizoa." Akainuka, akaenda zake.

Wenzangu wawili waliona kuukubali mti ule ni udhaifu. Nami, kusema kweli, niliukubali kwa kuwa tulihitaji ruhusa, wala sikuamini kwamba ufagio ungekuwa sehemu ya mpango.

Siku sita zenyewe

Tulianza wakati wa bamvua. Saa kumi na mbili asubuhi mtumbwi ulitufikisha hadi kwenye mchanga. Saa nne hapakuwa na maji ya kuelea hata ubao, na aliyetaka kurudi alirudi kwa miguu au alingoja mchana. Kila siku saa zilisogea, na siku ya mwisho maji yalikuwa mafu na kila kitu kimebadilika. Mpango wetu uliochapishwa mjini, wenye saa za kuanza na saa za chai, nahodha aliutazama mara moja akaukunja akaurudisha. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyesema saa za kazi.

Chakula awali tulikusudia kukibeba kutoka supamaketi mjini. Muuguzi alikataa, na alikuwa na haki. Mama wawili wa kijijini walitupikia kwa malipo: alfajiri mahamri na mbaazi, jioni wali wa nazi na samaki wa kupaka, na usiku ule wa kwanza tuliwasikia wakikuna nazi kwenye mbuzi huku wakicheka jinsi tulivyotembea matopeni. Baada ya siku mbili walikuwa wanajua majina yetu yote na ni nani anayechagua mifupa.

Siku ya kwanza tuling'oa miche kwa mikono, na siku ya pili tukaenda kwenye miarobaini ya ukubwa wa kati. Hapa ndipo penye kosa la kwanza. Kulikuwa na shauku ya kuutoa mti mzima, pamoja na mizizi, usibaki hata kidogo. Tukachimba kwa majembe na sururu, tukakata mizizi kila upande, tukausukuma mti ukalala. Miti kumi na mmoja. Kila ulipoanguka tulipiga kelele kama watu walioshinda mchezo, na mwanafunzi mmoja wa chuo alikuwa akiandika idadi kwenye daftari. Mizizi iliyokatika ilibaki udongoni, kila kipande pahali pake.

Kosa la pili ni la siku hiyo hiyo. Tulikata milusina iliyosongamana karibu na kisima, tukaikokota hadi ufukweni kupitia katikati ya kisiwa, sehemu iliyokuwa safi kabisa, yenye nyasi na vichaka vya mkone. Matawi yalikuwa na makanda yaliyokauka. Nakumbuka sauti yake, kama kayamba, mbegu zikilia ndani ya makanda kila tulipovuta. Niliisikia, nikaipenda, sikuielewa.

Siku ya tatu bibi alivuka. Alipita pale vijana walipokuwa wakilundika miche iliyong'olewa, akasimama, akainama, akachomoa mmoja kwenye lundo. Akachuma kijani kichanga, akakitia mdomoni. Akanyoosha mkono na mche ule kwangu.

"Onja, mwalimu."

Nikaonja. Ukali wa ukwaju ulinijaa kinywani.

Tulikuwa tumeng'oa miche ya mkwaju tukidhani ni milusina. Kwa mbali yafanana, yote ni majani madogo madogo mfano wa manyoya. Kwa karibu, jani la mkwaju ni kitana kimoja, ufito wenye vijani viwili viwili kutoka chini hadi juu. Jani la mlusina ni vitana kadhaa vimepachikwa kwenye mpini mmoja. Mtu aliyeonyeshwa mara moja hakosei tena, lakini sisi hatukuwaonyesha vijana wetu, tuliwapa glavu na kuwaambia wang'oe majani madogo. Tulipanga lundo lote upya, na miche ya mikwaju ilipata arubaini na moja. Tukairudisha ardhini tukaimwagilia maji ya kisima, ingawa jua lilikuwa kali na mizizi mingi ilikuwa imekatika. Tangu hapo kila asubuhi ilianza na majani yakiwa mkononi, robo saa, kabla ya mtu kushika panga.

Jioni ile sikula vizuri. Mkwaju mkubwa kuliko yote pale kisiwani una pango shinani ambamo mtu mzima huweza kukaa, na watoto wake waliomea kwa shida chini ya kivuli cha milusina ndio tuliokwenda kuwaua sisi, tuliokuja kuusaidia.

Siku ya nne nahodha alitufundisha kazi bora. Alisema amewaona ng'ombe wakiambua gome la mti pande zote na mti ukafa ungali umesimama, bila kuchimbwa. Tukafanya hivyo kwa miarobaini mikubwa iliyobaki: kuambua gome duara zima, upana wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, hadi mti mweupe uonekane na kila uzi wa gome utoke. Hakuna kelele katika kazi hiyo, hakuna kinachoanguka, na daftari la idadi lilionekana halina maana. Dawa ya kuua visiki tulikataa kuitumia. Chini yetu kulikuwa na chaza na kamba wanaoliwa na kijiji kizima, na maji hupanda mara mbili kila siku.

Mwenzetu mmoja ni kuli wa bandarini. Amefanya kazi Kilindini miaka kumi na tisa na hakuwa amepata kuyaingia maji haya ya nyuma, ingawa kutoka kisiwani winchi za bandari zaonekana. Mchana mmoja alikaa peke yake kwenye mizizi ya mikoko, tope limemkauka miguuni, akitazama huko anakofanyia kazi. Alisema tu, "Kumbe huku ndiko nyuma ya kwetu." Huyo ndiye aliyerudi mara nyingi kuliko sote.

Novemba

Tulirudi watu wanne mwishoni mwa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimenyesha.

Pale tulipochimba miarobaini kumi na mmoja palikuwa na duara kumi na moja za machipukizi. Mwarobaini ukijeruhiwa mzizi huchipua kutoka kwenye jeraha. Kila kipande tulichokata kwa jembe kilikuwa kimetoa chipukizi lake, mengine yamefika magotini, mekundu mekundu nchani, yana afya. Tuling'oa mti mmoja, tukapanda ishirini. Miarobaini tuliyoiambua gome ilikuwa imepoteza majani, na machipukizi yake yalikuwa machache, chini ya mkato tu, laini, yanatoka kwa kusukumwa na dole gumba.

Halafu nikafika kwenye njia yetu. Kutoka kisimani hadi ufukweni, kupitia nyasi zilizokuwa safi, kulikuwa na mstari wa miche ya mlusina, umenyooka, upana wake sawasawa na upana wa matawi tuliyoyakokota. Ungeufuata usiku kwa kupapasa. Nilipiga magoti nikaanza kung'oa, na nikakumbuka ile sauti ya kayamba.

Fedha

Kila mmoja wetu alikuwa amechanga shilingi 9,500, jumla 133,000. Zililipa mtumbwi, chakula, vifaa, malazi na sadaka ya madrasa. Zikabaki 31,000. Tangu Septemba tulikuwa tukibishana juu yake. Wengi walitaka fulana zenye picha ya kisiwa na karamu ya kuagana, na ubishi haukuwa umekwisha ndiyo maana fedha zilikuwapo bado. Nilipeleka picha za ile njia ya milusina kwenye kikundi chetu cha WhatsApp usiku ule ule. Hakuna aliyetaja fulana tena.

Tukakubaliana na vijana wawili wa kijijini ambao huvuka wakati wa bamvua kutafuta kaa. Kila mwezi, kuanzia Disemba, wangefanya kazi siku mbili mbili kwa shilingi 700 kwa siku: kusukuma machipukizi ya mwarobaini, kung'oa miche ya mlusina kabla haijafika kimo cha ugoko, na kufunga makanda yoyote katika gunia papo hapo yalipokatwa. Hadi Juni hiyo ni miezi saba, siku-kazi ishirini na nane, shilingi 19,600. Sisi wageni tulitoa siku-kazi themanini na nne katika wiki moja. Ukinilazimisha nichague ni zipi zilizokiokoa kisiwa, nitachagua zile ishirini na nane, na zilichukua chini ya sehemu moja ya sita ya fedha zetu.

Sisemi kwamba safari ilikuwa bure. Kuiambua gome miti mikubwa, kukata kichaka cha milusina kilichokwisha kuwa ukuta, hizo ni kazi za mikono mingi kwa wakati mmoja, na wale vijana wawili wasingeziweza peke yao kwa mwaka. Lakini kumleta muuguzi, mwalimu na kuli kutoka mjini wang'oe miche ambayo baada ya mvua itakuwapo tena, halafu waondoke, ni kuwachosha. Laysan, kisiwa kidogo cha Hawaii, kiliwahi kuvamiwa na nyasi moja tu ya miba. Walianza kuing'oa 1991, na iliwachukua takriban miaka kumi ya kukaa pale na kurudi, kurudi, kurudi, hadi isionekane tena. Leo mtu akiniletea mpango wa likizo kama yetu, kabla ya idadi ya watu na bei ya mtumbwi, namwuliza: mwezi wa tatu baada ya nyinyi kuondoka, nani atavuka, na nani atamlipa? Akikosa jibu namshauri apunguze siku na watu, aweke fedha kwa huyo atakayevuka.

Na namshauri asikokote kitu chenye makanda.

Juni

Mwaka huu, mvua za masika zikielekea kwisha, nilivuka tena na kuli pamoja na wale vijana. Milusina ingali ikiota. Hilo sikulificha kwa wenzangu. Ardhi ya kisimani itatoa miche miaka mingi ijayo. Lakini hapakuwa na mmoja uliofika gotini, na mche usiofika gotini hautoi makanda. Njia tuliyoikokota ilionekana kidogo tu, kama kovu. Machipukizi ya zile duara kumi na moja yamepungua, na duara tatu zimekufa kabisa. Kati ya miche arubaini na moja ya mikwaju tuliyoirudisha ardhini, tuliikuta hai sita. Mmoja wa vijana ameizungushia mawe ya matumbawe, hakuna aliyemwagiza.

Miche mipya ya mwarobaini niliikuta sehemu moja, chini ya mbuyu ambao popo hulala. Nilikwenda kaburini nikitazamia kukuta zulia lake. Ilikuwa Alhamisi na bibi alikuwapo, fagio la chelewa mkononi, anafagia kutoka shinani kwenda nje, duara baada ya duara, matunda ya manjano yakijikusanya mbele ya ufagio. Kando yake palikuwa na gunia limejaa nusu. Nilimwamkia, nikamwuliza tangu lini.

"Tangu mlipoondoka," akasema. "Kwani hatukuagana hivyo?"

Akanionyesha kwa kidole tawi la juu, ambako matunda yalikuwa bado na ndege wawili walikuwa wakila.

"Ya chini ni yangu, nimeyazoa. Ya wale mimi sifiki, mwanangu. Hao washike nyinyi."

Nikalibeba gunia hadi mtumbwini, na kuli akaenda chini ya mbuyu kuanza kung'oa.